Mwaka wa Kahawa ya Boay

Jumapili, 29 Agosti 1999. Ukungu mzito mpaka saa nne asubuhi, baridi ya kukata masikio, baadaye jua lisilo na joto. Nimekwenda kwa Boay kwa miguu, nimerudi na Boay. Siandiki zaidi, nimechoka.

Hayo ndiyo yote niliyoandika siku ile, na nusu yake imefifia kwa sababu nilitumia penseli. Nilikuwa mtu niliyeishia darasa la saba, na kila nilipoandika nilijiuliza nani ataniuliza kwa nini naandika. Nisingelifungua tena daftari hilo kama si Elibariki, dereva tuliyefanya naye kazi zamani. Mwezi uliopita alikuwa anamuaga binti yake Arusha, ukumbi umepambwa, wakwe wamekaa mbele, naye akanishika mkono akanivuta mpaka meza yao. "Jamani, huyu mnayemwona ni mama wa heshima, anaitwa Manka. Huyu ndiye aliyenisingizia sigara." Wakwe wakacheka bila kuelewa, na mimi nikacheka. Lakini niliporudi nyumbani nilipanda kiti nikalitoa daftari juu ya kabati, maana nilitaka kujua kama kweli nilimsingizia au nilikosea tu. Kwangu hayo ni mambo mawili, ingawa Elibariki anasema ni moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Kibosho, nafanya kazi Karatu kwa Mama Neema. Alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba vinane kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro, yeye akiiita loji, na kwa haki ilikuwa safi kuliko loji nyingine zenye jina kubwa. Mimi nilishika jiko la asubuhi. Jiko lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama gereji ya jirani, kwa hiyo maandazi yetu yalikaangwa katika harufu ya mafuta na ya dizeli kwa pamoja. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshachemsha mayai ya lanchiboksi za wageni wanaoshuka kreta, na chupa za chai zimepangwa mezani zikiwa na maji ya moto tu. Kahawa ilikuwa ya unga, ndani ya kopo, mgeni anachota kijiko chake na kukoroga mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Kutoka mlango wa nyuma, ukungu ukiinuka, tuliona mashamba ya kahawa yamepanda mlima mpaka yakagusa msitu, na bado tulinunua kahawa dukani kwenye kopo. Siwezi kumcheka mtu. Na mimi nilikua chini ya mikahawa huko kwetu, na sikuwahi kuonja punje. Kahawa ilikuwa kitu cha kuuza, kama ngozi ya ng'ombe. Nani anauliza ngozi ina ladha gani?

Boay alikuwa mkulima Mwiraqw aliyetuletea maziwa na karoti kwa baiskeli kila Jumanne na Ijumaa. Mrefu, umri wa miaka arobaini na kitu, anaongea taratibu kama anayepima kila neno, na koti lake la kijivu hakulivua jua wala mvua. Asubuhi moja ya mwezi wa sita alifika anatetemeka, chai ya wafanyakazi imekwisha, nikamkorogea kikombe cha kopo. Elibariki alikuwa amekaa mlangoni juu ya kreti ya soda, akingoja kuitwa.

"Hii ni nini, dada?" Boay akauliza.

"Kahawa, baba."

"Kahawa ipi?"

"Ya kopo. Ya wageni."

Akanywa tena kidogo, kwa adabu. "Mimi nina kahawa tangu marehemu baba aliponikatia shamba. Sijawahi kuinywa. Kama ndiyo hii, basi nawaonea huruma wanaoinunua."

"Mzee Boay!" Elibariki akadakia. "Mfugaji gani hajui maziwa ya ng'ombe wake?"

"Ng'ombe wangu nawajua," alijibu Boay bila haraka. "Huyu mmoja ndiye sijawahi kumkamua."

Ijumaa akaja na kahawa yake imefungwa kwenye leso, kavu, bado na ganda lake la manjano. Akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba majirani zake wawili wameshang'oa mikahawa na kupanda maharage, na mke wake anasema wanasubiri nini. Mke wake hakuwa mtu mbaya. Maharage yanaliwa, na kahawa ya miaka ile ilikuwa inauzwa kwa shida. "Nimemwomba aniache msimu huu mmoja," alisema. "Nijue kwanza ninachong'oa."

Nikatwanga ile kahawa kwenye kinu kutoa ganda, nikapepeta kwa ungo, nikaikaanga kwenye chuma cha chapati. Mara ya kwanza niliiunguza mpaka ikawa makaa, na Elibariki akapita akisema bora angekunywa dizeli ya gereji. Mara ya pili nilipunguza moto na kukoroga bila kuacha, na punje zilipoanza kualika kama bisi nikaepua. Nikatwanga tena, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Sijui kama nilifanya sawa. Siku hizi wako vijana Arusha wanaopima maji kwa mizani na kutaja matunda ambayo sijawahi kuyala, na nikiwasikiliza naona haya kwa chuma changu cha chapati. Lakini najua nilichokunywa. Kwanza ilinipa harufu ya ganda la ndimu lililokwaruzwa, halafu uchungu mdogo wa heshima, halafu, baada ya kumeza, utamu ukarudi nyuma ya ulimi kama wa muwa. Boay alikunywa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alipomaliza alitazama ndani ya kikombe, akatazama nje kuelekea mlimani, akasema, "Kumbe."

Mama Neema aliingia kwa kufuata harufu. Alikuwa Mmeru, mnene, mkali, anatembea na funguo zote kiunoni, na jikoni hakuwa na desturi ya kukaa. "Nani anapika nini humu?" Nikampa kikombe. Akanywa akiwa amesimama, kisha akavuta ile kreti ya Elibariki akakaa.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mama," akasema Boay.

"Unayo nyingi?"

"Ndiyo kwanza tunachuma."

Mama Neema akanywa mpaka chini. "Nitengee gunia moja, nzuri tupu, la wageni wa mwezi wa nane. Wakilipenda wageni, na mimi nikilipenda, nanunua kwako msimu mzima, na mwakani pia. Usipoweza, narudi kwenye kopo langu. Mimi siwezi kuwaomba radhi wageni kila asubuhi."

Boay akaitikia kwa kichwa. Nilimsindikiza mpaka kwenye baiskeli, na hapo ndipo aliponiambia lile ambalo hakutaka kumwambia mama: gunia hilo likikataliwa, anang'oa yote kabla ya mvua za vuli, maana hatakuwa na neno la kumjibu mke wake. Niliandika hivyo usiku ule, na nikaongeza: "Sitaki ang'oe." Leo najiuliza ilinihusu nini. Nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuchemsha maji, na kile kikombe kilikuwa kitu cha kwanza nilichokitengeneza kwa mkono wangu mtu akakaa kukinywa.

Mwezi wa saba Mama Neema alinituma na Elibariki, kwa Land Rover, nikaone kahawa inavyotunzwa. Nilijisikia mkaguzi. Boay alitutembeza: mashine ya kumenyea inayozungushwa kwa mkono, pipa la kuoshea, na vichanja vya nyavu ambako kahawa ilikuwa inaanikwa, mke wake akiokota moja moja zile zilizovunjika. Kando ya jiko, mlangoni, alikaa mama yake Boay, kizee chembamba chenye shuka mabegani, ambaye wote walimwita Aama, yaani bibi kwa Kiiraqw. Kiswahili alikisikia kidogo na kukisema kidogo zaidi. Nikaingia stoo. Mlikuwa na mbolea, pampu ya dawa, na vitunguu vya kutoka Baray vimeanza kuota. Nikatoka nimekunja pua.

"Humu hapana," nikasema, kwa sauti ya mkaguzi. "Kahawa inashika harufu. Ikikauka msiiweke stoo. Iwekeni mahali pazuri kuliko pote mlipo napo nyumbani."

Boay akamtafsiria mama yake, kwa sababu ndani ya nyumba ile, kitu gani kinakaa wapi lilikuwa neno la Aama. Aama akanitazama muda mrefu. Akauliza kitu.

"Anauliza, pazuri kuliko pote kabisa?"

"Kabisa," nikasema.

Gunia likaja katikati ya Agosti, limeletwa na Elibariki. Nilikaanga sufuria ya kwanza na Mama Neema akiwa ananisubiri. Alipokunywa, alikitoa kikombe mdomoni akakinusa. Akanywa tena.

"Manka, hii kahawa imevuta sigara."

Nikaonja. Ndimu haikuwepo, muwa haukuwepo. Ulikuwa moshi mtupu, moshi wa kukaa kooni. Sote wawili tukageuka kumtazama Elibariki, ambaye kila mtu Karatu alijua haendeshi kilomita moja bila kuwasha.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Nilivuta, sikatai, lakini nilisimamisha gari nikashuka!"

"Ulishuka wewe na moshi wako, au ulishuka peke yako?" akauliza Mama Neema.

"Mama, kweli Mungu anaona. Gunia zima livutishwe na sigara moja? Hiyo sigara ingekuwa ya ukubwa gani, kama nguzo ya umeme?"

Jikoni wote wakacheka, na mimi nikacheka, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwa sababu alichosema kilikuwa na akili. Sigara moja haifukizi gunia. Lakini tulikuwa tumeshampata mkosaji, na mkosaji mwenyewe anachekesha. Kwa wiki mbili jina lake likawa Bomba la Moshi. Mama Neema akamnyang'anya safari zote za kubeba chakula. Na katika daftari langu, tarehe 17, kwa mwandiko wa kujiamini ambao siujui nilikoutoa: "Elibariki ameharibu kahawa ya Boay." Kopo likarudi mezani. Boay alipoleta maziwa, Mama Neema akamwambia kwa upole kwamba gunia limepata harufu njiani, na kwamba yeye hawezi kubahatisha tena. Boay hakubisha. Alishukuru, akafunga kopo lake la maziwa, akaondoka. Ijumaa hakuja, maziwa yaliletwa na jirani yake, ambaye alisema Boay yuko shambani ananoa panga.

Ndiyo maana Jumapili ile nilitoka peke yangu baada ya misa ya kwanza, nikapanda mlima ndani ya ukungu. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu: kahawa yako haina kosa, kosa ni la dereva, nipe debe jingine nilibebe mwenyewe, nitamshawishi mama. Nilifika nimelowa kope. Panga kweli lilikuwa limeegemezwa ukutani, makali yake yanang'aa, na mkahawa mmoja, wa mwanzo kabisa karibu na njia, ulikuwa umekatwa. Mmoja tu. Boay alisema aliukata Ijumaa, halafu akaishiwa nguvu, akaingia ndani kunywa chai.

Wakanikaribisha jikoni kwa Aama kwa sababu ya baridi. Mafiga matatu, magogo yanafuka taratibu, moshi unapanda na kukaa chini ya paa kabla ya kutafuta njia. Nilipewa maziwa kwenye kibuyu. Macho yalipozoea giza nikatazama juu, na juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, nyeusi inayong'aa kwa masizi ya miaka. Juu ya dari, katikati, mahali penye joto kuliko pote, kulikuwa na gunia la kahawa.

Aama aliona ninapotazama. Uso wake wote ukacheka. Akasema mengi, na Boay akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu nadhani yeye alielewa katikati ya sentensi, kama mimi. Alisema: hilo ni gunia la pili, lilipanda siku lilipoondoka la kwanza. Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote. Hapo hukaa mahindi ya mbegu, yale masuke bora yanayochaguliwa kwanza kabla watu hawajala, kwa sababu moshi unayalinda na dumuzi. Tangu alipoolewa hajawahi kuweka kitu kingine pale. Lakini mgeni wa Mama Neema alisema kabisa, basi akaishusha mbegu yake chini, akaweka kahawa.

"Na mbegu iko wapi?" nikauliza, ingawa sikutaka kujua.

Aama akanionyesha kikapu kando ya mlango. Niliinua suke moja, na unga mweupe ukanidondokea kwenye sketi. Dumuzi walikuwa wameshaingia. Mwanamke yule alikuwa ametoa mbegu ya mwaka kwa ajili ya neno langu la mkaguzi, na mimi nilikuwa nimekuja na hotuba kuhusu dereva.

Nimejaribu miaka yote hii kugawa kosa lile kwa haki. Kuna sehemu ya Boay, aliyelala nyumba ile kila siku na pua yake isimwambie kitu. Lakini moshi wa jikoni kwenu haunuki, ni hewa. Hakuna sehemu ya Aama hata kidogo, alifanya alichoambiwa na zaidi. Elibariki hana hata chembe. Ninayebaki ni mimi. Nilijua kukataza stoo, sikujua kuuliza kwenu pazuri ni wapi. Sikuwa na ujasiri wa kulisema hilo lote, ila nilisema kidogo. "Baba Boay, mwambie Aama anisamehe. Kahawa haipendi moshi. Mimi ndiye niliyekosea kueleza."

Boay alitafsiri. Aama akalitazama gunia, akanitazama mimi. Kisha akauliza kitu kifupi, na mke wake Boay, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akaangua kicheko mpaka akashika ungo usimwagike.

"Anasema," Boay akaeleza, naye sasa anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, "kahawa isiyopenda moshi inakaangwaje?"

Nikacheka na mimi, nikajipangusa unga wa dumuzi kwenye sketi.

Mke wake ndiye aliyeliokoa jambo lenyewe, yeye wa maharage. Alisema dari ilikuwa imejaa, kwa hiyo debe la mwisho halikupanda. Bado liko kwenye kichanja, usiku analifunika kwa turubai na kuliingiza chumbani, chini ya kitanda, mbali na jiko. "Nilitaka kuliuza nipate mbegu ya maharage," akasema. "Lakini lichukueni. Mkirudi nalo, nalima maharage." Tulilinusa sote, hata Aama. Lilinuka majani makavu na jua. Boay akalifunga kwenye baiskeli, na Aama akanifungia kile kikapu cha mahindi, kwa sababu, alisema, mbegu iliyotobolewa haipandwi, lakini hakuna aliyesema hailiki. Masuke machache mazima ameyabakiza, yatatosha kuanza upya.

Tulishuka mlima tukisukuma baiskeli, ukungu umekwisha. Jikoni kwa Mama Neema nilianza na lililo gumu. Elibariki alikuwa anaosha gari uani. Nikamwita mbele ya wote, nikasema, "Kaka, haikuwa sigara. Ulikuwa moshi wa kuni, na mimi ndiye niliyeipeleka kahawa kwenye moshi. Naomba radhi."

Akakausha mikono polepole akifurahia kila dakika. "Sema tena, yule wa chumba namba nane hajasikia."

"Elibariki!"

"Haya, nimesamehe. Lakini wiki mbili nimeitwa Bomba la Moshi. Na wewe tukuite nani? Tanuri?" Wakaniita hivyo mpaka Krismasi, na nilistahili.

Kisha nikatwanga, nikapepeta, nikakaanga. Boay alisimama mlangoni, kofia mkononi, hataki kiti. Mama Neema nilimweleza yote, dari, mbegu, dumuzi, na sikujitetea, ingawa daftari langu la siku iliyofuata linasema nilijitetea kidogo. Akakipokea kikombe, akakinusa kwanza kama aliyekwisha kuumwa. Akanywa. Akanywa mpaka nusu, gereji ya jirani wanagonga chuma, maji yanadondoka kwenye sinki, na Boay anaizungusha ile kofia vidoleni.

"Hii ndiyo," akasema Mama Neema. "Iliyobaki iko wapi?"

"Bado iko mtini, mama."

"Basi iache mtini iive, halafu niletee mimi. Yote. Na Manka asikanyage tena kwenu kutoa maelekezo."

Boay akavaa kofia. Alikunywa vikombe viwili, na alipoondoka alikuwa anaendesha baiskeli kwa mkono mmoja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mahindi ya Aama tuliyapukuchua sisi wenyewe, tukapepeta unga wa dumuzi, tukayabandika na maharage tangu saa nane mchana kwenye jiko la mkaa. Jioni yakawa laini. Niliunga kwa vitunguu na nyanya, nikatia chumvi. Mama Neema kwa kawaida alikula peke yake ofisini, lakini siku ile aliketi nasi mezani jikoni, funguo zake akaziweka pembeni. Tulikula makande ya mbegu bora ya nyumba ile, na maziwa ya mgando ya Boay, na kila mtu aliongeza mara ya pili.